Mwonjaji wa Biskuti za Idi

Mimi si mtu wa subira, na biskuti ni kazi ya subira, kwa hiyo wanaonifahamu hucheka wakisikia kwamba kila Ramadhani nafunika cherehani yangu na kwenda kuoka kwa jirani. Tena anayefunga ni yeye, si mimi. Sisi ni Walutheri. Baba alishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, akajenga hapa Pongwe, akafia hapa, na mama hakurudi tena kwao. Jirani yetu ni Mpemba. Alikuja na mumewe aliyekuwa akifanya biashara ya mchele. Mume akatangulia mbele ya haki, naye akabaki. Yeye na mama huitana shoga. Mimi namwita Mama Mdogo, na atakayeniambia kwamba si ndugu yangu ajiandae kwa ugomvi.

Biskuti zake zinajulikana mtaa mzima. Idi ikikaribia, sahani hutoka kwake moja moja zikiwa zimefunikwa kawa, zinakwenda kwa Waislamu na Wakristo bila kubagua, na hakuna sahani inayorudi tupu. Shida ni kwamba biskuti za Idi huokwa kabla ya Idi, na kabla ya Idi watu wamefunga. Wapo wanaosema mpishi anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Mama Mdogo hataki kusikia. "Mie ulimi wangu naujua," husema. "Ukigusa utataka kumeza." Ndiyo maana, tangu nikiwa mtoto wa shule, mama yangu ndiye mwonjaji wake.

Kazi hiyo ina utaratibu. Baada ya alasiri Mama Mdogo huita kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma, "Shogaa! Njoo unionjee!" Mama hujifunga khanga safi kama mtu anayekwenda mahali, huchukua fimbo yake na kuvuka. Huwekewa kigoda nyuma ya jiko, naye hukaa akiwapa mgongo waliofunga, maana si adabu kutafuna mbele yao. Kwanza hupewa donge dogo la unga uliokandwa, bado bichi, na baadaye biskuti moja ya trei la kwanza. Akimaliza husukutua kwa maji, hufuta mdomo, ndipo hugeuka. Akisema "imekolea", kazi inaendelea. Akisema "bado", Mama Mdogo hurudi kwenye bakuli bila neno, na huyo ni mwanamke anayenung'unika hata mvua ikinyesha vizuri. Mimi nisiyefunga ningeweza kuonja pia, lakini sijawahi kutia kitu mdomoni katika ua ule mchana wa Ramadhani. Mwonjaji ni mmoja. Sisi wengine tuna mikono tu.

Chokoleti niliileta mimi. Zamani zilikuwa biskuti za zabibu kavu na korosho, basi. Mwaka mmoja niliona kwenye simu mtu akichirizia chokoleti juu ya biskuti kwa uma, michirizi myembamba ikienda huku na huku, nikamwonyesha Mama Mdogo. Akasema inaonekana kama biskuti iliyorukiwa na tope. Idi ile nikachirizia sahani moja kwa wizi, na sahani hiyo ndiyo watoto wa mtaa waliyoiulizia. Tangu hapo yeye ndiye anayenikumbusha. "Lile tope lako ushanunua?"

Ramadhani za miaka hii zimeangukia kaskazi, wakati ambao Tanga hata ukuta unatoka jasho. Mwaka huu tulianza kazi mapema kidogo ili bati moja lililojaa biskuti liwahi boti ya kwenda Pemba, kwa dada yake Mama Mdogo. Dada huyo ndiye aliyemfundisha kupika, na ndiye hakimu wake mpaka leo. Mama Mdogo ana wajukuu, ana nyumba yake, kahiji, lakini bati la dada likifika huko huwa anashika simu akisubiri hukumu kama mwanafunzi.

Basi tukakaa barazani kukata vitu. Tende tulizitoa kokwa na kuzikatakata. Embe kavu nilizikata kwa mkasi wangu wa kushonea, baada ya kuapa mara kadhaa kwamba nimeuosha. Chungwa la Muheza nikalikwaruza ganda. Korosho kila mwaka Mama Mdogo hununua mbichi na kuzikaanga mwenyewe, lakini safari hii saumu ilimchosha, akanunua zilizokwisha kukaangwa kwa mwanamke mmoja wa barabarani. Hakuuliza kama zililowekwa maji ya chumvi kabla ya kukaangwa, wala mimi sikuuliza. Siagi ya kopo nayo ina chumvi yake. Juu ya hayo akatia chumvi yake ya kila mwaka, sukari akaipunguza kwa ajili ya tende, akakanda. Mwezi mwingine wowote mmoja wetu angelamba kidole na mambo yangeishia hapo. Ramadhani hakuna anayelamba kidole.

Mama akaitwa. Akavuka na khanga yake safi, akakaa, akatupa mgongo. Alikaa na lile donge mdomoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, mpaka nikadhani linamshinda kumeza.

"Imekolea," akasema.

Tukapanga. Mama Mdogo ana oveni ya mkaa, lile sanduku la bati linalopaliwa moto juu na chini, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa koleo lake. Trei la kwanza lilipotoka, rangi ilikuwa nzuri kabisa, kahawia ya pembeni na weupe kidogo katikati, na harufu ya chungwa ikajaa ua mzima. Niliwahurumia waliofunga. Mama akapewa yake, akaivunja vipande vipande, akatafuna kipande baada ya kipande.

"Imekolea, shoga. Mwaka huu umezidi."

Mama Mdogo akatabasamu kwa namna ambayo wengi hawajaiona.

Nikayeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na kuanza kuchirizia. Kwa joto lile haikutaka kuganda, ikabaki inateleza juu ya biskuti na kunichafua mpaka kiwikoni, nikaanza kusema nayo maneno ambayo Mama Mdogo alinionya kwamba yanapunguza thawabu hata kwa asiyefunga. Mwishowe tukaingiza masinia kwenye friji, moja baada ya jingine. Zilipoganda, akajaza bati la dada, akalifunga kwa khanga kuukuu na kulikaza fundo. Liende asubuhi. Sisi tukapewa kisahani chetu, tukarudi nyumbani kabla jua halijazama.

Nilimpikia mama chai, nikaweka kisahani kati yetu, nikauma ya kwanza.

Nilidhani nimetafuna ng'onda. Ndiyo, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chokoleti ilipita kwanza na utamu wake, halafu chumvi ikaja nyuma yake ikanikamata koo. Nikacheka. Nilicheka mpaka chai ikamwagika, nikimfikiria yule dada wa Pemba, nikainua macho ili nicheke na mama. Mama alikuwa anakula ya pili. Alikuwa anatafuna taratibu, uso umetulia, kama mtu anayekula kitu kizuri.

"Mama, zikoje?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

Akaacha kutafuna. Akaitazama ile biskuti mkononi mwake, akaigeuza upande wa chini, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Hapo sikucheka tena.

Mambo yakaanza kunijia. Maharage yaliyokuwa hayaliki kwa chumvi. Sukari aliyodai haina utamu siku hizi, mimi nikaenda kugombana na mwenye duka kwamba anatuuzia uchafu, na mwenye duka masikini akanibadilishia bila kosa lolote. Machungwa aliyosema ni maji matupu.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu ile homa ya masika." Alisema polepole, akiiweka biskuti chini. "Nilidhani ulimi utarudi. Watu walisema ulimi hurudi. Nikasema nisubiri."

"Na leo ulipoonja?"

"Leo nilisikia punje za sukari kwenye meno. Nikasikia siagi inateleza. Nikajua unga umekandwa vizuri. Vingine nilikumbuka."

Nilikasirika. Wanaonijua wanajua kwamba nikiogopa hukasirika, na siku ile niliogopa, maana nilimwona mama ghafla amezeeka kuliko asubuhi. Nikamwambia ni hatari, angeweza kula kitu kilichooza, angeweza kunywa mafuta ya taa. Nikamwambia nitakwenda kwa Mama Mdogo sasa hivi, bati lile haliwezi kwenda Pemba.

"Kaa kwanza," akasema.

Nikakaa.

"Kwaya niliacha kwa sababu ya magoti. Shamba nimeacha. Hata uzi kwenye sindano unanitungia wewe. Wewe unaniita nije kula, watoto wa ndugu zako wananiita niwasimulie, mchungaji ananiita kwa sababu ni kazi yake kuniita. Huyu peke yake ndiye ananiita kwa kuwa kazi haiendi bila mimi. Mwezi mmoja kwa mwaka. Ukimwambia, ataniita kwa lipi?"

Nilimpenda sana mama dakika ile, na sikujua niuweke wapi upendo huo, kwa hiyo nikaanza kufuta chai iliyomwagika.

Nikamwambia basi nitasema kosa ni langu. Nitasema nilitia chumvi mara ya pili baada ya yeye kuonja, Mama Mdogo atanifokea, mimi nimezoea, na mambo yataisha. Uongo mdogo, usio na madhara kwa mtu. Mama alifikiri sana. Niliona kabisa kwamba anautamani.

"Na kesho?" akauliza. "Akiniita tena kesho, nifanye nini?"

Akachukua fimbo yake. Khanga hakubadilisha.

Tulimkuta Mama Mdogo akipakua futari, muhogo wa nazi na tambi, adhana ikiwa bado kidogo. Alipotuona alishangaa, maana saa hiyo si ya kutembeleana.

"Shoga, bati lisiende," mama akasema, akiwa bado amesimama. "Biskuti zina chumvi. Mimi sikuisikia. Ulimi wangu umekufa tangu masika, na nilikuficha."

Mama Mdogo alimtazama. Halafu akalitazama bati, lililokuwa tayari mlangoni na fundo lake. Hakuweza kufanya lolote. Hakuweza hata kuhakikisha kama ni kweli, kwa sababu adhana haijaadhiniwa. Akachukua biskuti moja, akaiweka kwenye kisahani mbele yake, akaketi. Sisi tukaketi. Tukakaa watatu hivyo, tukiitazama biskuti yenye michirizi yangu mizuri ya chokoleti, mpaka msikiti ukaita.

Akafuturu kwa tende na maji. Akasoma dua yake bila haraka. Ndipo akauma biskuti. Hakutema. Alitafuna, akameza, akanywa maji, akanywa tena.

"Dada angenitangaza Pemba nzima," akasema.

Mama akainamisha kichwa.

"Si chumvi inayoniuma," Mama Mdogo akaendelea, na sauti yake ilikuwa ngeni kwangu, haikuwa na manung'uniko hata kidogo. "Chumvi ikizidi, mtu huoka nyingine. Weye umekuja ukakaa kwenye kigoda changu ukanambia imekolea, na ukijua hujui. Mie nilikuwa nimekaa nyuma yako nakuamini. Miaka yote hii."

"Ningekuja na nini, shoga?" mama akauliza.

Mama Mdogo alisema magharibi inampita, akainuka kwenda kutawadha. Tukarudi nyumbani, na njiani mama hakutaka nimshike mkono.

Kesho yake nilishona tangu asubuhi, na kila nilichoshona nilikifumua. Bati halikwenda, kwenye ua niliwaona wajukuu wa Mama Mdogo wakizimaliza zile biskuti. Mtoto asiyefunga hana ugomvi na chumvi ikiwa juu yake kuna chokoleti. Mchana ukapita. Ilipoadhiniwa alasiri, mama aliingia chumbani, akatoka amejifunga khanga safi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango wa uani. Fimbo ameilaza mapajani. Ng'ambo ya michongoma tulisikia kinu kikitwangwa, halafu tukasikia mkaa ukipepewa, halafu kimya. Hakuna aliyeita.

Nilitaka kwenda kusimama kwenye ua na kumwambia Mama Mdogo vile alivyo. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, na yalikuwa makali. Mama akaniona.

"Cherehani yako inakungoja," akasema.

"Anakuadhibu."

"Ana haki."

Nikarudi kwenye cherehani nikiwa na machozi ya hasira. Sikumbuki nilishona nini. Nakumbuka tu kivuli cha paa kilifika kwenye miguu ya mama, naye akaanza kufungua fundo la khanga polepole, kama mtu aliyekubali kwamba safari haipo.

"Hodi humu."

Mama Mdogo hakupita uani, alizungukia mlango wa mbele, kama mgeni. Alikuwa amebeba bakuli lake kubwa lenye kawa juu, na mfuko wa sukari umening'inia kwenye kidole. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akiingia jikoni kwetu mchana wa Ramadhani, maana kwetu mchana huwa kunapikwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Nilikasirika," akamwambia mama, hata kabla hajaweka bakuli. "Nilikasirika jana, nikala daku na hasira zangu. Asubuhi zikaniisha. Lakini nilizibakisha kidogo, nikasema na yeye aone mchana ulivyo mrefu."

"Nimeuona," mama akasema.

"Haya basi." Akafunua bakuli. Unga mpya, tende, embe, korosho zenye rangi isiyolingana, ambayo nilijua ni ya kikaango chake mwenyewe. "Boti nyingine ipo keshokutwa. Nimekanda, na sijui nimekanda nini. Weye," akaninyooshea kidole, "njoo. Nipe mgongo."

Sikuelewa mara moja. Mama alielewa. Alisogeza kiti chake kikawa mbele yangu, nami nikakaa kwenye kigoda, mgongo kwa Mama Mdogo, uso kwa mama. Mama Mdogo akapitisha donge dogo juu ya bega langu. Nikalitia mdomoni.

"Imekolea," nikasema.

"Umemeza haraka," mama akasema. "Rudia. Liweke juu ya ulimi, usitafune. Ngoja."

Nikapewa jingine. Nikangoja. Kungoja si kazi yangu, lakini nilingoja. Uso wa mama ulikuwa karibu sana na wangu, macho yake yenye ukungu yamenikazia mdomoni.

"Nini kimekuja kwanza?"

"Siagi. Halafu chungwa."

"Chungwa linakaa, au linapita?"

"Linakaa."

"Sasa tafuna. Tende umeipata? Utamu wake unaishia wapi?"

Sikuwahi kufikiri kwamba utamu huishia mahali. Nikafumba macho, nikautafuta. "Unaishia hapa katikati," nikasema, nikigusa shavu. "Haufiki nyuma."

"Na chumvi?"

"Naisikia mwishoni. Kidogo tu. Ni nzuri."

Mama akaegemea kiti. Midomo yake ilisogea kidogo, na naapa mwanamke yule asiyesikia ladha alikuwa anaonja. Mimi nilikaa pale na mdomo mtupu nikingoja.

"Chumvi iache ilivyo," akasema. "Sukari bado."

Nyuma yangu nilisikia mfuko ukifunguliwa. Nikageuka. Mama Mdogo alikuwa ameshika kijiko juu ya bakuli, ameinama, jasho la saumu linamtiririka kwenye shingo. Mimi niliyeonja hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mama.

"Nitie ngapi, shoga?"